Mfalme Hana Pointi

Nyie vijana mnaokereza kete kwa mashine pale uani Manzese, kila nikipita kuwasalimia lazima mmoja wenu anitegee swali lile lile. Babu, malkia ana pointi tisa, ngome tano, farasi na askofu tatu tatu, askari moja. Sasa mfalme ana ngapi? Mnauliza huku mnakonyezana, mkidhani mzee atakwama. Sijakwama. Nimempakata mfalme huyo sehemu kubwa ya maisha yangu, nimemchonga kwa mpingo, kwa mninga, hata kwa mwarobaini siku mpingo ulipokosekana, na jibu ninalo. Ila si jibu la kumpa mtu aliyesimama huku anachungulia kama basi la mwendokasi limefika, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Kwanza mjue kwamba sie tuliingia kwenye kazi ya kete bila kuujua mchezo wenyewe. Tulijua drafti. Drafti ilikuwa kila kibaraza, vifuniko vya soda juu ya ubao, na kwenye drafti kila mtu ana haki ya kuwa kingi. Kete yako ikifika mwisho inavikwa kofia, inaanza kuruka ubao mzima inavyotaka. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mchezo unaitwa sataranji, na ndani yake kuna mfalme anayezaliwa mfalme, halafu hata kutembea anatembea hatua moja moja, nilicheka sana. Nikasema huyo si mfalme, huyo ni mgonjwa.

Aliyetuletea kazi hiyo ni Mwalimu Mushi, mtu wa bara aliyekuwa akifundisha shule moja kule Kawe na kuwafundisha watoto sataranji jioni. Alikuja na boksi la kete za plastiki, akazimwaga mezani, akauliza kama tunaweza kuchonga za mti. Mama Rehema, mwenye karakana, akajibu tunaweza kabla hajatuuliza sisi wachongaji. Ndivyo alivyokuwa. Yeye kazi yake kuitikia, kazi yetu kutafuta namna.

Tukagawana kete. Kila mtu na benchi lake, na kila benchi na kete yake. Anayeanza anapewa askari, kwa sababu askari ni wengi na mkono unajifunza kwa kurudia. Ukiiva kidogo unapanda kwenye ngome, kisha askofu, kisha farasi. Mfalme na malkia walikuwa wa mkubwa wa kazi, Mzee Chitanda, na benchi lake lilikuwa kona ya dirishani penye mwanga kuliko pote. Mkitaka maoni yangu, kete ngumu kuliko zote ni farasi. Anayewaambia mfalme ni mgumu hajawahi kuchonga masikio ya farasi kwenye mpingo mkavu. Lakini heshima haikufuata ugumu, ilifuata kona ile, na kila mmoja wetu alifanya kazi huku anaitazama kwa jicho la pembeni.

Mzee Chitanda alikuwa wa kwetu, Newala, na ndiye aliyenifundisha kushika tezo. Mtu mfupi, mpana, mdomo haumsemi mtu ila mikono inasema. Ukikosea hakufokei. Anachukua kazi yako, anaigeuza, anakurudishia, basi. Unajua mwenyewe. Alinifundisha kwamba mpingo ukiukausha juani unapasuka kwa hasira, kwa hiyo gogo unalipaka nta kwenye vichwa na kulizika ndani ya unga wa mbao mpaka lipoe roho. Alinifundisha kung'arisha kwa dawa ya viatu na kitambaa cha shuka kuukuu, si kwa vanishi mnayopaka nyie inayofanya kete inate kwenye vidole kama peremende.

Seti yetu ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, ikarudi siku ya pili. Mwalimu Mushi aliingia anacheka mpaka anashika mlango.

"Shikamoo mzee," akamwambia Chitanda. "Kazi ni nzuri sana. Ila jana watoto wangu wamecheza mchezo mzima wakimshambulia mtu asiye mwenyewe."

Kumbe Mzee Chitanda alikuwa amemfanya malkia kuwa mrefu kuliko mfalme, tena si kidogo. Kwa wachezaji, kete ndefu kuliko zote ndiyo mfalme, hivyo watoto walimfukuza malkia ubao mzima wakidhani wamemshika mkubwa.

"Huyu ni mama," Mzee Chitanda akasema, kama mtu anayeeleza jua linapotokea. "Ukoo unatoka kwa mama. Baba anakuja na begi lake. Nitamfanyaje baba awe mrefu?"

"Kwenye mchezo huu, mzee, mama akifa watu wanaendelea kucheza," Mwalimu Mushi akajibu. "Baba akikamatwa, wote wanafunga boksi wanakwenda nyumbani."

Mzee Chitanda alitikisa kichwa muda mrefu. Mtu wa kwetu yeyote angekosea vile vile, kwa sababu sanamu ya kwanza tunayofundishwa kuitazama ni ya mama. Akakubali kumpandisha mfalme, lakini siku zote alipokuwa akimchonga alinung'unika chini chini, na mie nilikuwa namsikia.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza sataranji. Siwezi kuchonga kitu nisichojua kinashikwaje. Jumamosi mchana, tukishafunga, nilikuwa nakwenda Kawe kwa Mwalimu Mushi, tunacheza barazani kwake, ananichapa. Na kila nilichokiona kwenye ubao nilikirudisha karakanani. Mfano, niliona kwamba mtu akishindwa hasubiri kukamatwa, anamlaza mfalme wake kwa kidole, pap, juu ya ubao. Nilipomweleza Mzee Chitanda aliacha patasi.

"Wanamwangusha makusudi?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo adabu yao."

"Basi kinachopigwa ni shingo."

Tangu siku hiyo shingo ya mfalme wetu ikawa nene kidogo kuliko ya yule wa plastiki, na kitako tukakitoboa tukamimina risasi iliyoyeyushwa kutoka kwenye betri mbovu za magari, juu yake kitambaa cha kijani tulichookota kwa mafundi cherehani. (Msiyeyushe ndani kama tulivyofanya sie. Yeyusheni nje, upepo ukiwa mgongoni kwenu.) Mfalme wa namna hiyo ukimgusa anayumba na kurudi. Za mashine yenu nikizigusa zinaanguka kabla sijaondoa kidole, na mnajua nasema kweli.

Pia nilimuuliza Mwalimu Mushi swali lenu la pointi. Akanieleza kwamba pointi ni za kubadilishana. Unatoa ngome unachukua farasi na askari kadhaa, unapiga hesabu kama umepata faida au hasara. Mfalme hana pointi kwa sababu hayumo kwenye biashara hiyo. Hakuna unachoweza kupewa ukamtoa. Kwa hiyo mwanzo wa mchezo kazi yake ni moja tu, kujificha. Unampeleka kona, unamwekea askari mbele na ngome ubavuni, unamwacha huko wakati wengine wanakufa.

"Sasa ana faida gani?" nikauliza.

"Subiri tufike mwisho," akasema, na kwa kuwa nilikuwa nashindwa mapema kila mara, ilichukua muda kufika huko mwisho.

Siku tulipofika, malkia wote wameondoka, ngome zimeliwa, ubao mweupe kama uwanja baada ya harusi, Mwalimu Mushi akamchukua mfalme wake kule kona na kuanza kutembea naye. Hatua moja, hatua moja. Akaja katikati, akawakinga askari wake, akawala wa kwangu, akamsindikiza mmoja mpaka mstari wa mwisho. Mie mfalme wangu nilikuwa nimemwacha palepale kona, bado nimemficha, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kumficha dhidi yake. Mwalimu akaniambia wachezaji humkadiria mfalme wa mwisho wa mchezo kwa pointi nne hivi, zaidi ya farasi. Mwenye kumtoa kona mapema ndiye anayeshinda. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechapwa lakini nimefurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimwona mfalme akifanya kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ule mwaka barabara ya Morogoro ilipokuwa inachimbwa kwa ajili ya mwendokasi, vumbi lilitusumbua kila siku, na tukalilaumu kwa kila kitu. Mzee Chitanda akiwa anafikicha macho, tunasema vumbi. Akichelewa kuitikia salamu mpaka umfike karibu, tunasema vumbi. Kisha nikaanza kuona wafalme wake. Kitako safi, tumbo safi, lakini kichwa kimelala upande. Wa kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Wakaja wengine, wote wameinamisha kichwa kushoto kama watu wanaosikiliza jirani anagombana na mkewe. Kitako na tumbo unaweza kuvipima kwa kiganja, lakini shingo kunyooka kunataka jicho, na Mzee Chitanda macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu mweupe.

Sikumwambia. Mtu aliyekushika mkono ukiwa hujui tezo wala patasi, unaanzaje kumwambia haoni? Benchi lile la kona ndilo lilikuwa maisha yake. Hakuwa na shamba, mke wake alikuwa ametangulia, na chumba chake Manzese alikipanga kwa kazi ya mikono yake. Kazi ya mfalme ikiondoka kwake, nilijua angefunga zana zake arudi Newala akakae kusubiri. Nilikuwa nampenda mzee yule, na sikutaka aondoke.

Nikafanya hivi. Yeye akimaliza mfalme anamweka kwenye tenga, mimi ndiye niliyekuwa nazipeleka kete kwa Mama Rehema. Njiani napita benchini kwangu, nachukua tupa na msasa, namnyoosha shingo. Kazi nzuri, hakuna aliyegundua. Lakini mti haurudi ukishaukata. Ukitaka kunyoosha kichwa lazima upunguze bega, ukipunguza bega taji linakuwa kubwa mno, unapunguza taji, na kila hatua mfalme anashuka kimo. Mie nilitazama shingo tu. Kimo sikukitazama.

Mama Rehema alikitazama. Asubuhi moja alipanga seti mezani ili azifunge. Akatuita wote.

"Hebu njooni hapa. Huyu nani?"

"Malkia," tukajibu.

"Na huyu kafupi pembeni yake?"

Malkia, ambaye Mzee Chitanda alimchonga bila kichwa cha kusumbua kwa sababu malkia wetu alivaa kilemba cha duara, alikuwa amesimama na kimo chake chote. Mfalme alikuwa amemfika begani.

"Mzee Chitanda, jamani, si tulishamaliza maneno haya? Mama, mama, mama! Mteja anataka mfalme mrefu. Nimekuheshimu, nimekuomba, na bado unanifanyia makusudi?"

Nikamtazama mzee. Nilitegemea ashangae, kwa sababu yeye wafalme wake aliwachonga kwa kimo sahihi, kiganja chake kilikuwa kinamwambia. Akanyoosha mkono, akamshika mfalme mmoja, akampapasa kuanzia kitako mpaka juu. Vidole vyake vikafika mwisho mapema kuliko vilivyotarajia. Vikasimama. Kisha akageuza uso upande wangu, nikajua ameelewa yote, nani kapunguza na kwa nini.

"Ni kweli," akasema. "Nimemrefusha mama makusudi. Ndivyo ninavyochonga mie."

Alikuwa radhi afukuzwe kwa ubishi kuliko ijulikane haoni.

"Basi mzee wangu," Mama Rehema akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi zaidi ya hasira, "ukitaka kuchonga mama, kachonge kwako. Mie hapa naumia."

Mzee Chitanda akarudi kona, akatandika kitambaa chake, akaanza kupanga patasi moja moja.

"Mama Rehema," nikasema, "wafalme nimewapunguza mie."

"Bosko, nyamaza," mzee akasema bila kugeuka.

"Sinyamazi, mzee, nisamehe. Wamepungua kwa sababu nilikuwa nawanyoosha shingo. Zilikuwa zinakuja zimepinda."

Mama Rehema alinitazama, akamtazama mzee, kisha akatembea taratibu mpaka mbele yake, karibu kabisa. Mzee akaendelea kupanga patasi.

"Mzee, unaniona?" akauliza.

"Manukato yako nayajua," mzee akajibu.

Mama Rehema akaketi chini kwenye vumbi la mbao na khanga yake safi. "Kwa nini hukusema, baba yangu?"

"Niseme halafu iweje? Mkubwa wa kazi akisema haoni, si ndiyo mwisho wa mchezo? Nyie wenyewe mmeniambia. Akikamatwa huyo, watu wanafunga boksi."

Hapo nikakumbuka baraza la Kawe. Nikachukua ubao, nikaupakata mbele yake, nikamshikisha kete moja moja mkononi. Nikamwambia malkia ametoka, ngome zimetoka, farasi wametoka, wamebaki askari na huyu. Nikamweka mfalme kona, nikaweka vidole vyake juu yake, nikaanza kumtembeza.

"Anakwenda wapi?" akauliza.

"Katikati, mzee. Mwisho wa mchezo anatoka."

"Bila malkia?"

"Bila malkia. Anakwenda kukaa na askari wake. Anawasindikiza. Mwalimu Mushi anasema hapo ndipo anapokuwa na pointi."

"Ngapi?"

"Nne."

"Zaidi ya farasi?"

"Zaidi ya farasi."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini karakana nzima ilipumua. Akabaki ameushika mkono wangu juu ya mfalme yule kwa muda, kisha akainuka, akabeba patasi zake pamoja na kitambaa, akavuka chumba akipapasa kingo za meza, akaenda kukaa kwenye benchi la askari, katikati ya vijana wawili walioanza mwaka ule. Wakashtuka wakasimama.

"Kaeni," akawaambia. "Askari hana shingo. Ni kichwa na tumbo. Nipeni kipande."

Nyie mnaojisifu kwa mashine, mngeona askari wale. Alikuwa anachonga, anaviringisha kwenye viganja, anasikiliza, anachonga tena. Wale vijana wawili walijifunza kwake kwa msimu mmoja kile ambacho mie nilijifunza kwa miaka, kwa sababu sasa alikuwa anasema. Miaka yote kule kona alikuwa akichonga kimya, huku tukimwangalia kwa mbali kama watu waliozuiwa kusogea. Kumbe mzee alikuwa na maneno, na utani, na nyimbo za jandoni alizotuimbia nusu nusu na kukataa kuzimalizia kwa sababu Mama Rehema alikuwa karibu.

Mama Rehema alimpeleka mwenyewe hospitali. Ilikuwa mtoto wa jicho, kitu kinachotibika, na tungekijua mapema kama watu tungekuwa tunasemezana. Wakamfanyia upasuaji wa jicho moja. Alirudi na kibandiko na miwani myeusi, anatembea kifua mbele kama bwana harusi, na siku walipomruhusu kufanya kazi Mama Rehema alikuwa amefagia kona, ameosha dirisha, ameweka stuli mpya.

"Karibu kwenye kiti chako, mzee," akasema.

Mzee Chitanda alisimama mlangoni akaitazama kona ile kwa jicho lake jipya. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Akaenda kuketi kwenye benchi la askari.

"Mpeni Bosko," akasema. "Mie nimekaa kule peke yangu vya kutosha. Ila mwambieni jambo moja. Akiona shingo ya mtu imepinda, amwambie mwenye shingo."

Nikaenda kukaa kona. Mfalme wangu wa kwanza nilimharibu kabla ya chai ya saa nne, na aliyeniambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, alikuwa yeye.